Mjumbe Wako Alipiga Kura Gani?

Ndugu mkulima, ukiulizwa leo mjumbe wako amekufanyia nini, jibu halitakawia. Utasema alileta mabati ya shule, au alikuja kwenye matanga ya jirani akatoa mchango mbele ya watu, au hatumwoni tena tangu tulipompa kura. Majibu ya namna hii nayasikia kila wiki katika ofisi ya kilimo ninakofanya kazi ya ukarani, maana watu wakija kuandikisha mbolea hawazungumzi mbolea peke yake. Lakini tangu nianze kazi hii sijamsikia hata mtu mmoja akisema: mjumbe wangu alipiga kura hivi juu ya sheria ya ardhi, nami nakubaliana naye, au nampinga.

Shauri langu katika ukurasa huu ni hilo moja. Kazi ambayo mjumbe hulipwa mshahara kuifanya ni kutunga sheria, kuidhinisha fedha na kuwasimamia wenye madaraka. Kazi hiyo ndiyo tusiyoiuliza kabisa. Tunamwuliza mambo ambayo tajiri yeyote mwenye moyo mwema angeweza kuyafanya bila kuchaguliwa. Nitachukua mfano wa Kajiado, na hasa Kitengela, kuonyesha hasara inayotupata kwa kutouliza.

Huenda msomaji wa Nyandarua au Trans Nzoia akasema, sisi na Kajiado wapi na wapi? Wale ni wafugaji, sisi tuko katika skimu, kila mtu na shamba lake na deni lake. Basi kumbuka shamba lako lilitoka wapi. Mpango wa ekari milioni moja ulianza mwaka 1962, na haukushuka kutoka mbinguni. Ulipatanwa na watu waliokaa mezani, masharti ya mkopo yakaandikwa, na ndiyo maana wazee wengi walikaa miaka na miaka bila hati ya shamba mkononi mpaka deni liishe. Tena baadhi ya skimu hizo zimekaa juu ya nyanda ambazo Wamaasai walizilisha ng'ombe wao mpaka walipohamishwa kwa mapatano ya mwaka 1904 na mengine ya mwaka 1911. Walikwenda mahakamani kuyapinga mapatano hayo ya pili, wakashindwa mwaka 1913. Katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, mwaka 1962, wajumbe wao walidai tena ardhi hiyo wasiipate. Kwa hiyo historia ya Kajiado na historia ya skimu ni kama nyumba mbili zenye ukuta mmoja.

Katika wajumbe wote waliopata kutoka Kajiado, yule ninayependa kuwaeleza vijana habari zake ni John Keen. Baba yake alikuwa Mjerumani na mama yake Mmaasai, naye akashika upande wa mama. Aliingia siasa wakati wa kudai uhuru na aliwahi kuwa katibu mratibu wa chama cha KANU. Mwaka 1967 alituma simu ya maandishi akiwalaumu vikali wakuu wa nchi tatu za Afrika Mashariki kwa kushindwa kuunda shirikisho walilokuwa wameliahidi. Aliwekwa kizuizini kwa ajili hiyo. Fikiri jambo hili: mtu wa nchi ya ng'ombe, ambaye watu wake wanapakana na Tanganyika na wana ndugu zao ng'ambo ya mpaka wa Namanga, anafungwa kwa sababu ya kuutaka mpaka huo uondoke. Mwaka 1969 watu wa Kajiado Kaskazini walimchagua kuingia Bungeni, akawa mjumbe wao mpaka mwaka 1983.

Sasa nifike kwenye siku iliyonifanya nimtaje. Mwezi Machi mwaka 1975 J. M. Kariuki, mjumbe wa Nyandarua Kaskazini, alitoweka Nairobi. Msomaji wa Ol Kalou hahitaji kuelezwa huyo alikuwa nani. Alikuwa mtu aliyesema waziwazi juu ya wasio na ardhi na juu ya wale waliojilimbikizia, na wakulima wa skimu walimhesabu kuwa mtu wao. Mwili wake ulionwa na mchunga ng'ombe katika vilima vya Ngong, yaani katika upande ule ule wa nchi uliomtuma Keen Bungeni. Bunge liliunda kamati ya kuchunguza mauaji hayo, mwenyekiti wake akiwa Elijah Mwangale, na mwezi Juni ripoti ililetwa mbele ya wajumbe. Serikali haikutaka Bunge liikubali kama ilivyo. Keen wakati huo alikuwa waziri mdogo, na kwa desturi waziri hupiga kura pamoja na serikali, akipenda asipende. Yeye alipiga kura kuikubali ripoti. Wengine wawili waliokuwa serikalini walifanya hivyo hivyo, Masinde Muliro aliyekuwa Waziri wa Ujenzi, na Peter Kibisu aliyekuwa waziri mdogo. Ripoti ilikubaliwa kwa tofauti ya kura chache sana, na wote watatu walifukuzwa katika serikali mara moja.

Mimi nilisomea ualimu kabla ya kushika kalamu ya ofisi, na katika darasa la historia tulifundishwa majina ya magavana na miaka yao. Kura hii hatukufundishwa. Lakini naiona ni mfano mzuri kuliko mingi, kwa sababu yaonyesha kura ya mjumbe ni kitu chenye bei. Keen alijua gharama yake: gari, bendera, mshahara, na labda zaidi, maana katika Oktoba ya mwaka ule ule wajumbe wawili, Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney, walikamatwa katika uwanja wa Bunge wakatiwa kizuizini. Mtu akipiga kura katika hali hiyo, jina lake linaandikwa katika kumbukumbu za Bunge, na mjukuu wake atalikuta.

Sisemi Keen alikuwa malaika. Alikuwa tajiri, baadaye alirudi katika uwaziri mdogo chini ya Rais Moi, na mwaka 1991 aliiacha KANU akawa katibu mkuu wa chama kipya cha Democratic Party. Mtu anayetaka kumlaumu kwa kuhama huku na huku ana haki yake. Alifariki Desemba mwaka 2016. Nataka tu uone kwamba ukimtaja Keen unaweza kumpima kwa jambo alilolitenda ndani ya Bunge. Jaribu kufanya hivyo kwa mjumbe wako wa sasa. Utakwama, wala si kwa sababu hakutenda lolote, bali kwa sababu hukuuliza.

Na upande wa pili wa Kajiado, kule Loitokitok, palikuwa na Stanley Oloitipitip, aliyekuwa askari katika vita vya Burma kisha akawa mjumbe wa Kajiado Kusini na waziri. Alikuwa mtu wa ukarimu mkubwa na maneno makubwa, na arusi ya mwanawe mwaka 1982 ilizungumzwa nchi nzima kwa wingi wa wageni na wa vyakula. Watu walimpenda, na hata leo wazee wakimtaja wanacheka kwa furaha. Mimi pia ningependa kualikwa. Lakini arusi huisha siku ile ile, na mifupa huliwa na mbwa.

Sheria haiishi hivyo. Mwaka 1968, Keen akiwa bado hajaingia Bungeni, ilipitishwa sheria ya wawakilishi wa vikundi katika ardhi, ambayo ndiyo iliyozaa ranchi za vikundi katika Kajiado, Narok na kwingineko. Kusudi lake halikuwa baya. Serikali na Benki ya Dunia walifikiri kwamba wafugaji wakiwa na hati ya pamoja wataweza kukopa, kuchimba visima, kujenga majosho, na kuweka ng'ombe wachache walio bora. Hati iliandikwa kwa jina la wawakilishi, wasiopungua watatu wala kuzidi kumi, waliochaguliwa na wanachama. Na mwanachama alikuwa nani? Kwa kawaida mkuu wa mji, yaani mwanamume. Wake hawakuandikwa. Mabinti hawakuandikwa. Vijana waliokuwa wakikua wakaanza kugombana kuhusu nani aandikwe na lini.

Nimepata kuwauliza watu kadhaa wa makamo, wanaume kwa wanawake, kama wazee wao waliwahi kusimulia kwamba mjumbe alikuja kuwasomea sheria hiyo kabla ya kupitishwa. Hakuna aliyepata kusikia habari hiyo. Lakini walisimulia vizuri kabisa ni nani aliyechinja ng'ombe wangapi siku ya kufungua josho. Sina ushahidi mwingine zaidi ya huo, nao si mkubwa, lakini msomaji anaweza kuuliza katika skimu yake kuhusu masharti ya mkopo wa shamba, aone kama atapata jibu tofauti.

Ranchi hizo hazikufanya kama ilivyokusudiwa. Mvua ya Kajiado haina adabu, hunyesha hapa mwaka huu na mwakani ikanyesha kule, na ng'ombe lazima wafuate majani bila kuuliza mpaka wa ranchi. Ukame ulikuja, mikopo haikulipika, na wanachama wengine walishuku kwamba wawakilishi wao walijipendelea. Katika miaka ya 1980 mkazo ukageuka kuwa kugawanya. Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988 kwa wanachama waliozidi 200, kila mmoja akapata kwa wastani kama ekari 200 hivi na hati yake mwenyewe.

Mkulima wa skimu mwenye ekari 5 akisikia ekari 200 atadhani watu hao walitajirika. Wengine ndiyo. Lakini angalia mahali penyewe palipo. Kitengela iko mlangoni mwa Nairobi. Kaskazini yake ni Hifadhi ya Wanyama ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946, ambayo upande wake wa kusini haukuzungushwa ua ili wanyama wapate kutoka kwenda kulisha uwandani na kurudi. Jirani yake ni Athi River na viwanda vya saruji, na mwaka 1990 ikaongezeka eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa ng'ambo. Barabara ya Namanga inapita katikati. Kituo kidogo cha biashara ambacho wenyeji walikiita Noonkopir kikawa mji mkubwa wa nyumba za ghorofa. Wanunuzi walikuja na fedha taslimu, na mwenye hati alikuwa mtu mmoja tu katika mji mzima wa watu kumi au ishirini. Alikuwa na haki ya kuuza peke yake.

Basi waliuza. Waliuza ekari mia, halafu hamsini, halafu kumi, mpaka ikafika ile ploti ya futi hamsini kwa mia ambayo hata mbuzi wawili hawawezi kulala juu yake. Sitawacheka. Mzee aliyeuza ili amlipie mwanawe karo, au aliyeuza baada ya ng'ombe wake kufa katika ukame wa mwaka 2009, alifanya jambo ambalo mimi na wewe tungelifanya. Wapo pia waliouza wakanunua pikipiki na bia. Lakini mama aliyeamka asubuhi akaona mtu mgeni anapiga nguzo na seng'enge mbele ya boma lake, na ndipo akajua kwamba shamba lilikwisha kuuzwa, huyo hakufanya kosa lolote. Alikosewa na sheria ambayo haikumjua.

Tangu mwaka 2000 palikuwa na mpango wa hiari wa kuwalipa wenye ardhi Kitengela shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, mradi wasiweke ua, wasichimbe mawe wala kuuza, ili wanyama wapate njia. Malipo yalipangwa kufika wakati wa karo za shule. Ulikuwa mpango wa busara, na familia nyingi ziliufurahia, lakini fedha zake zilitegemea wafadhili, na shilingi 300 haiwezi kushindana na mnunuzi wa ploti.

Sasa linganisha na sheria zilizofuata. Sheria ya kudhibiti ardhi ya mwaka 1967 ilikuwa tayari inataka kibali cha bodi ya ardhi kwa uuzaji wa shamba lolote la kilimo, na maombi yapelekwe katika miezi sita tangu mapatano. Ilikuwa ngao nzuri pale bodi ilipofanya kazi yake, yaani pale ilipouliza mke yuko wapi na watoto watakula nini. Lakini amri ya wazi kwamba mali ya ndoa isiuzwe bila idhini ya mume na mke wote wawili iliandikwa katika sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013. Hesabu mwenyewe: ni miaka 25 baada ya Kitengela kugawanywa. Na mwaka 2016 ikaja sheria ya ardhi za jamii, iliyofuta ile ya 1968. Hiyo inasema kwamba jamii ni watu wazima wote, wake kwa waume, na ardhi yao haiwezi kuuzwa au kutolewa mpaka theluthi mbili yao wakubali. Maneno machache hayo, kama yangalikuwa katika karatasi ya mwaka 1968, nchi ya Kitengela ingaliuzwa kwa namna nyingine kabisa, au sehemu yake isingaliuzwa. Aliyeyaandika hakutoa bati hata moja.

Najua jibu litakalonijia. Mkulima mmoja aliwahi kuniambia kwamba sheria hailiwi, na kwamba mtoto wake alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo Jumatatu, wala si kwa ajili ya ibara. Ni kweli. Mimi mwenyewe nina ndugu wadogo walio shuleni, na najua barua ya karo ikifika nyumbani inakuwaje. Tangu sheria ya mwaka 2003 iliyoanzisha mfuko wa maendeleo ya maeneo ya Bunge, wajumbe wamekuwa na fedha za kugawa, na madarasa mengi yamesimama kwa fedha hizo, misaada ya karo imewafikisha watoto wengi mbali. Siwezi kuyadharau hayo. Lakini angalia yaliyotupata. Mjumbe akipewa mfuko wa kugawa, anageuka kuwa karani kama mimi, karani wa misaada, na mlango wake hujaa watu kutwa. Saa ngapi atasoma mswada wenye kurasa mia? Na wewe mpiga kura ukitoka kwake na karatasi ya karo, umeridhika, humwulizi kitu kingine. Wala fedha zile si zake. Ni kodi yako uliyolipa uliponunua sukari na mafuta ya taa. Kumshukuru mtu kwa kukurudishia sehemu ya mali yako ni adabu nzuri, lakini usimpe kiti kwa sababu hiyo peke yake.

Nimependezwa na jambo moja lililotokea Kajiado mwaka 2013. Katika eneo jipya la Kajiado Mashariki, ambalo Kitengela imo ndani yake, alichaguliwa Bi. Peris Tobiko, mwanamke wa kwanza wa Kimaasai kuchaguliwa na eneo la Bunge. Kulikuwa na wazee waliotangaza kwamba kumchagua mwanamke ni kinyume cha mila, na habari za laana zikavuma. Watu wa Kajiado Mashariki walisikia, wakaenda kupiga kura, wakamchagua, na mwaka 2017 wakamrudisha tena. Alikaa mpaka mwaka 2022. Kama alikuwa mjumbe mwema au la, waulizwe waliokuwa chini yake. Ninalolitazama mimi ni kwamba mama ambaye sheria ya 1968 haikumwandika sasa alikuwa na kura iliyohesabiwa sawa na ya mzee wa mji, na aliitumia bila kuomba ruhusa.

Kuna jambo lingine ambalo wakulima wengi hawajalishika, nalo linahusu ofisi yetu. Tangu mwaka 2013, kwa katiba ya mwaka 2010, kilimo na mifugo ni kazi ya kaunti. Bwana shamba anayekuja kwako, au asiyekuja, ni mtu wa kaunti. Chanjo ya ng'ombe, majosho, machinjio, mnada wa mifugo kama ule wa Ilbisil, yote hayo yako mikononi mwa kaunti. Fedha zake huidhinishwa na bunge la kaunti, siyo na Bunge la Nairobi. Kajiado ina wadi 25, na kila wadi humchagua mjumbe wake. Kitengela ni wadi moja na Kaputiei Kaskazini ni nyingine. Watu wetu humdharau mjumbe huyu wa wadi, wakidhani ni mtu wa kutengeneza daraja dogo na kununua mipira ya vijana. Kumbe ndiye aliye karibu zaidi na josho lako. Mpango wa matumizi ya ardhi, unaosema hapa patakuwa mji, hapa patabaki malisho, hapa pasikatwe ploti, hupita mbele yake. Kitengela ilikuwa na hitaji la mpango wa namna hiyo miaka mingi kabla watu hawajaanza kuutafuta.

Mara kwa mara wakulima huja ofisini kulalamika kwamba hakuna dawa ya kupe au kwamba bwana shamba mmoja amepewa eneo la vijiji vingi mno. Huwasikiliza, na barua zao huziandika vizuri na kuzipeleka panapostahili. Lakini mimi ni karani. Siwezi kuandika nambari katika kitabu cha makadirio ya fedha. Yule anayeweza kuiongeza au kuipunguza mlikula naye nyama mwezi uliopita, mkampigia makofi, na hamkumtajia kupe.

Basi utamwulizaje? Usimwulize kama polisi. Mjumbe ni mtu wa heshima, mwite mheshimiwa, mkaribishe kiti, mpe chai. Kisha mwulize maswali mafupi. Mwaka huu umeketi katika kamati gani? Fedha za mifugo ziliongezwa au zilipunguzwa, nawe ulisema nini? Mswada wa ardhi ulipokuja ulikuwa ndani ya ukumbi au ulikuwa safarini? Swali hili la mwisho lina maana, kwa sababu kura nyingi hupigwa kwa sauti tu, wengine wakisema ndiyo na wengine la, na majina huandikwa pale wajumbe wa kutosha wanapodai kuhesabiwa. Kwa hiyo mjumbe anaweza kukuambia lolote. Lakini maneno yaliyosemwa huandikwa neno kwa neno katika kumbukumbu za Bunge, ile Hansard, ambazo kila mtu ana haki ya kuzisoma. Mwalimu wa shule yenu ya upili anaweza kuwatafutia. Kama jina la mjumbe wenu halionekani mwaka mzima ila katika orodha ya waliohudhuria, hilo nalo ni jibu.

Asikutishe anayesema kwamba mambo ya bunge ni ya wakubwa. Vikao ni vya wazi, vya Nairobi na vya kaunti pia, na katiba inawataka wawasikilize wananchi kabla ya kupitisha sheria na fedha. Makadirio ya fedha ya kaunti hutakiwa kufikishwa mbele ya bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na yapitishwe kabla mwezi Juni haujaisha. Mwezi wa Mei ndio wakati wa kwenda kusema, maana baada ya hapo mlango umefungwa kwa mwaka mzima. Najua mwezi huo wengi mnapalilia, na nauli ni ghali. Watu wawili kutoka kila skimu wanatosha, mmoja awe mwanamke, nao waende na karatasi yenye mambo mawili au matatu yaliyokubaliwa na wote, yameandikwa kwa mwandiko unaosomeka. Anayetaka kusaidiwa kuandika karatasi hiyo na apite ofisi ya kilimo iliyo karibu naye kabla ya saa sita, kwa kuwa mchana huwa tunatoka kwenda mashambani.